Binti anayelipa kwa maneno: riwaya ya ziwa letu yenye wazo kubwa na kazi iliyoniumiza

Jabali la Kirumba (mleta uzi)

Mwadila wakuu.

Juzi saa nane usiku nimemaliza ile riwaya ya kifantasia ya ziwa letu Victoria, ile ambayo kijana aliyeiandika anaizungusha mwenyewe kwenye begi, stendi na kwenye vibanda vya magazeti. Jina la kitabu na la mwandishi sitayaweka hapa. Ni kitabu chake cha kwanza, amekichapa kwa pesa yake, na ninachotaka tujadili ni kazi, si mtu. Waliokisoma watakijua mara moja.

Nilipokifunga nilijisikia kama mtu aliyekesha mwaloni, pale ufukweni wanapofikia wavuvi, akingoja mtumbwi, ukaja alfajiri taa zote zinawaka, na ndani hamna kitu.

Nianze na kwa nini nilingoja.

Wataalamu waliochimba tope la chini ya Ziwa Victoria wanasema ziwa hili liliwahi kukauka. Miaka kama 15,000 iliyopita palikuwa nchi kavu, kisha maji yakarudi. Ukilifikiria umbo lake huwezi kushangaa sana: eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini pale penye kina kuliko kote ni mita 80 na kidogo. Ni sinia, si chungu. Huyu kijana kalichukua jambo hilo akauliza swali ambalo mimi niliyezaliwa Kirumba, hapa Mwanza, sijawahi kuliuliza: kwenye sinia lile aliishi nani?

Jibu lake ndilo riwaya. Walikuwapo watu, walikuwa na mji, na maji yalipoanza kurudi wazee wao walipatana nayo. Maji yatawapa muda wa kupanda hadi kwenye miamba, na wao watalipa kwa maneno. Tangu hapo, mtu wa ukoo ule akitaka kuyaamrisha maji lazima atoe neno moja alilo nalo. Likitoka halirudi. Si kusahau kule kwa kawaida, kwamba jina linakutoka kisha linakujia ukiwa unaoga. Kitu bado unakiona, bado unakijua ni cha nini, ila huna tena pa kukishikia.

Sura ya kwanza sijui nimeisoma mara ngapi. Binti anaanika dagaa mwaloni. Usiku dhoruba inaanza, kaka yake yuko majini. Bibi yake alimwambia siri hii akiwa mdogo, naye hakuiamini. Anaingia majini hadi kiunoni, anatoa neno la kwanza linalomjia. Neno lenyewe ni "chumvi", kwa sababu ndilo lililokuwa mdomoni, maji yamempiga usoni naye akawa anafikiria mboga aliyoiacha jikoni. Dhoruba inatulia, kaka anarudi. Kesho yake mama anamwambia lete chumvi. Binti anakwenda hadi kwenye rafu, analitazama kopo, anarudi mikono mitupu. Mama anarudia. Binti anasimama tu katikati ya jiko. Yule kaka aliyeokolewa ananyanyuka, analichukua kopo, analiweka mbele ya mama, anakaa. Hakuna anayesema kitu.

Wakuu, hapo niliacha kusoma nikatoka nje. Ni sura ya kurasa 11. Nilijiambia, huyu mtu ametufikisha mahali.

Sasa maumivu yangu.

Sura ya pili anatoa neno "alfajiri", na bado ni nzuri. Sura ya tatu anatoa neno, hatuambiwi lipi. Sura ya tano anaamrisha maji mara nne ndani ya kurasa sita na mwandishi anaandika tu kwamba "akalipa". Alilipa nini? Sura ya tisa Binti amekaa kwenye karamu anamwomba jirani yake ampe chumvi. Anaitaja, herufi zote. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa alioponywa. Hakuna. Mwandishi alisahau. Lile neno lililonitoa nje usiku, yeye mwenyewe alilisahau.

Na mwishoni, kwenye vita, Binti anaigeuza ghuba nzima, maji yanasimama kama ukuta kutoka Kisiwa cha Saanane hadi ng'ambo ya Kamanga. Tunaambiwa alitoa maneno elfu moja kwa mkupuo. Vizuri, nikasema, sasa tutaona. Kesho yake asubuhi Binti anapanda juu ya jiwe na kuhutubia watu kurasa mbili nzima, kwa Kiswahili sanifu, na methali tatu ndani yake.

Hapo ndipo kitabu kilipokufa mikononi mwangu. Mwandishi alitunga sheria ngumu na nzuri, kisha akamhurumia binti yake. Hakutaka apoteze. Namwelewa, maana hata mimi nilimpenda Binti. Lakini yule wa sura ya kwanza tulimpenda kwa sababu alipoteza, na mwandishi akiisha kumnyang'anya hasara yake anabaki msichana yeyote mwenye nguvu za ajabu. Hao tunao wengi.

Mengine nitayapitisha haraka.

Adui ni mfalme wa barafu anayeshuka kutoka kaskazini na mbwa mwitu weupe. Theluji inaanguka Kirumba. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Sikatai theluji ya kichawi, mwandishi akinipa sababu nitaipokea. Lakini ziwa hili limezungukwa na watu ambao tangu zamani wanamjua mwenye maji: Wahaya wanaye Mugasha, Waganda wanaye Mukasa. Mapatano ya kitabu yalifanywa na maji. Kwa nini mwenye deni asitoke majini?

Katikati kuna shule ya uchawi chini ya Jiwe la Bismarck, kurasa zaidi ya 100. Wanafunzi wanapimwa, wanagawanywa makundi, kuna mwalimu mkali mwenye moyo mwema. Nimesoma shule hii mahali pengine, nanyi mmeisoma. Wakati Usukuma kuna Bagika na Bagalu wanaoshindana ngoma na dawa vizazi na vizazi, kuna Bayeye wa nyoka, kuna Banunguli wa nungunungu, kila chama na mafunzo yake, siri zake na nyimbo zake. Makundi ya wanaofundwa yalikuwa hapo Kisesa, mwendo wa daladala.

Na lugha. Bibi wa sura ya kwanza anaongea kama bibi. Kuanzia sura ya sita anaongea kama msimulizi wa filamu iliyotafsiriwa. Anamweleza Binti mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili sisi tusikie.

La mwisho ni dogo, ila liliniuma kwa namna yake. Usiku wa sura ya saba mwezi umejaa juu ya ziwa, na wavuvi wa dagaa wametanda na taa zao. Mtu wa mwaloni hawezi kuandika hivyo. Taa inavuta dagaa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina kazi, wavuvi wa dagaa wanapumzika na kushona nyavu. Mwandishi alikuwa ameshapewa kalenda ya bure na ziwa lenyewe: siku za giza ni siku za kazi na hatari, siku za mbalamwezi ni siku za watu kuwa nyumbani. Riwaya nzima ingeweza kupumua kwa kalenda hiyo.

Waliosoma karibuni. Nataka kusikia hasa wanaonipinga.

Nyakato Msomaji

Mkuu nakupinga, na ninakupinga kwa upendo.

Mimi nina mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote ambacho si cha mtihani. Hiki amekimaliza kwa siku nne. Shule ya chini ya jiwe unayoilalamikia ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Siku ya pili aliniomba tushuke Kamanga akalitazame lile jiwe. Alisimama pale karibu nusu saa anatafuta mlango. Amepita hapo mara mia, hakuwahi kuliangalia.

Sasa wewe unahesabu mwezi. Ni hadithi ya uchawi, mkuu. Maji yanasimama kama ukuta, halafu dagaa ndiyo tatizo?

Jabali la Kirumba

Dada Nyakato, hilo la mtoto kutafuta mlango nimelipokea na limenifurahisha kweli. Silifuti, na mwandishi alistahili kulisikia kabla ya maneno yangu.

Ila la dagaa naomba nilisimamie. Kadiri unavyotaka niamini jambo kubwa lisilowezekana, ndivyo ninavyohitaji madogo yawe sawasawa. Nikiona amejua chanja inavyokaa, dagaa wabichi wanavyonuka, mama anavyofukuza kunguru kwa kanga, basi akiniambia maji yamesikia neno namwamini, maana ameshaonyesha anapajua. Akikosea mwezi, ninaanza kujiuliza kama alifika. Sura ya kwanza alifika. Ndiyo maana najua alikuwa na uwezo.

Karabai

Wakuu, mimi ni wa majini. Kitabu sijakisoma chote, nilisomewa sehemu na kijana tunayefanya naye kazi, ila uzi huu umenigusa.

Mzee Jabali, kwenye mwezi uko sahihi, lakini usitutie wote mtumbwi mmoja. Wanaopumzika ni sisi wa dagaa. Wa nyavu za sangara wengi wao wanaingia, mwezi uwepo usiwepo. Na karabai zenyewe siku hizi utazitafuta, jina langu humu ni la kumbukumbu. Tulikuwa tunazipampu, tunanunua mafuta ya taa kuliko chakula, tone la maji baridi likigusa kioo kinapasuka, ule utambi wake mwepesi kama utando unapukutika ukiutazama vibaya. Sasa ni taa za betri na sola. Kama mwandishi ameweka karabai kwenye hadithi ya leo, amechelewa. Kama hadithi ni ya zamani, sawa.

Mnaongelea mfalme wa barafu. Niseme adui tunayemjua. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kuingia ziwani, kutoka pande zote. Pepo zinakutana huko katikati, mawingu ya radi yanasimama juu yetu kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambayo nyavu ziko majini. Unaiona radi kwa mbali, unajua una muda mdogo, na nyavu ni mali ya mtu. Ukizikata umenusurika na una deni. Ukizivuta labda hufiki. Uamuzi huo nimeufanya mara mbili maishani. Mwandishi angenifuata mwaloni ningempa adui asiyehitaji mbwa mwitu.

Na kamongo. Kijana wangu amenisomea kwamba kuna kamongo anayeongea, anafanya vichekesho. Niliumia. Kamongo ni samaki anayepumua hewa. Maji yakikauka anajichimbia topeni anatulia, anangoja mvua. Kama kuna kiumbe aliyeliona ziwa hili likikauka na kurudi, ni yeye. Humo ndani ya kitabu yeye ndiye shahidi, ndiye alikuwepo siku ya mapatano, na wamempa kazi ya kuchekesha.

Jabali la Kirumba

Mzee Karabai, wabeja sana. Nimekosea kwenye nyavu za sangara na nimekubali. La kamongo sikuliona kabisa. Nimesoma kitabu chote na sikuliona.

Binti Igoma

Habari zenu. Nimefikiria siku mbili kama niandike.

Mmeruka sura ya 14, ile ya meli. Binti anashuka chini ya maji anakuta meli imelala kwa ubavu, na watu wamekaa ndani kama wanangoja kushuka. Mwandishi hakutaja jina la meli. Hapa Mwanza hahitaji kulitaja.

Mimi nimekulia Igoma, jirani na walikozikwa watu wa MV Bukoba. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu zaidi ya 800. Lakini orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Watu walipanda meli, majina yao hayakupanda.

Sasa mniambie, kwa kitabu ambacho uchawi wake wote ni maneno, kuna jambo zito kuliko hilo? Watu waliozama bila kuandikwa. Na mwandishi aliliona! Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe na kushindwa kumchukia. Anaandika kwamba Binti anaamua kuwapa majina yao ili waweze kutoka. Nilishika kifua. Kisha sentensi inayofuata: "akayataja majina yote, mmoja baada ya mwingine, na wote wakapanda juu kama mapovu." Basi. Sura imekwisha, kurasa nne. Ukurasa unaofuata tupo kwenye mashindano ya shule.

Hata jina moja hakuandika. Nyumbani kwetu kuna jina moja ambalo lingetosha. Kila familia ya ukanda huu inalo. Angeandika kumi tu, ya kubuni, ya kawaida, ya Kihaya, ya Kisukuma, ya Kijita, na baada ya kila jina Binti apoteze neno. Ningesoma kurasa hamsini za hivyo nikiwa nimesimama.

Sisemi asiguse jambo lile. Naomba sana muelewe hapo, maana kuna watu wanasema visiguswe. Viguswe. Ila ukiingia mle ndani usiingie kwa haraka ukatoka.

Nyakato Msomaji

Dada yangu, pole. Sura hiyo mwanangu aliiruka, alisema inasikitisha. Nimeisoma leo baada ya kuona ulichoandika. Una haki.

Mwl. Nansio

Salamu kutoka Ukerewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kitabu nilikisoma likizo, na nimekuwa nikingoja mtu aguse jambo hili ili nami nitoe langu. Mtanisamehe urefu.

Jabali umesema sheria ilikuwa nzuri na mwandishi hakuifuata. Mimi nadhani hakujua ni nzuri kiasi gani, kwa sababu hakuifikiria kwa Kiswahili. Aliifikiria kama mtu anayefuta neno kwenye karatasi, pakabaki pengo jeupe. Lugha yetu haiachi pengo jeupe. Neno likiondoka, ngeli yake inabaki.

Fikirini jikoni kwa Binti. Chumvi imeondoka. Lakini akionja mboga bado anaweza kusema "imepungua". I- hiyo inajua inamsemea nani. Mama anasikia, anaelewa, anaongeza. Sura ya kwanza ingeendelea hivyo, Binti akiishi kwa viambishi. Siku anapoteza "mtumbwi", anasimama ufukweni anauliza "umefika?" Siku anapoteza "kisiwa", ananyoosha mkono kuelekea huku kwetu anasema "kile". Msomaji angekuwa anacheza naye, anakisia neno lililokufa kwa mkia wake. Hakuna maelezo yanayohitajika. Sisi wote tumezaliwa na ufunguo huo mdomoni.

Halafu ije hatari yenyewe. Vitu vinagawanyika: i-, u-, ki-, li-, unaweza kuvitenganisha. Lakini mama ni a-. Kaka ni a-. Adui ni a-. Na dagaa ni a-, sangara ni a-, mamba ni a-. Watu na wanyama wote wanakaa ngeli moja. Sasa Binti amepoteza majina yao. Anakuja mbio kutoka majini usiku, anapiga kelele: "Amezama!" Mwalo mzima unageuka. Nani? Kila mama anamtazama yeye. Na yeye hana pa kulishika. Anarudia, amezama, amezama. Anajua kabisa ni nani, anamwona machoni, na neno lililobaki linaweza kuwa la kaka yake au la samaki.

Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mfano huo ubaoni. Darasa lenye watu 60 lilinyamaza. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa atafanyaje?" Ndilo swali ambalo riwaya ilitakiwa iniulize mimi, na haikuniuliza.

Jambo la pili ni la subira. Hapa kisiwani aliishi Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kuhusu mume na mke waliokosa mtoto, na humo akaweka namna watu wake walivyolima, walivyopika pombe, walivyosalimiana, walivyozika, ili yasipotee. Hakupata wa kuichapa kwa Kikerewe. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980, yeye akiwa mzee sana. Alifariki mwaka uliofuata. Simwambii kijana wetu angoje miaka 35, hapana, hiyo ilikuwa dhuluma ya zama zile. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeogopa maneno ya kwao kupotea aliishi huku huku, akaandika kurasa na kurasa za vitu vidogo kwa sababu hiyo. Riwaya ya binti anayepoteza maneno ilikuwa na babu yake hapa Ukerewe na haikuja kumsalimia.

Jabali la Kirumba

Mwalimu, nimesoma hilo la "amezama" nikiwa kwenye foleni benki na nimelazimika kusogea pembeni.

Nakiri nilipoandika uzi huu nilidhani kosa ni la ujasiri tu, kwamba alimhurumia Binti. Sasa naona kuna kosa lililo chini ya hilo. Hakuwa na namna ya kuonyesha hasara, kwa hiyo akaacha kuionyesha. Na namna yenyewe ilikuwa kwenye lugha aliyokuwa anaiandikia.

Niongeze moja kuhusu ushindi, maana vita vile vinaisha bila gharama kwa mtu yeyote. Wasukuma tunayo hadithi ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Zimwi limemeza watu wote, kijana analiua, analipasua tumbo, watu wanatoka hai. Kila mtoto wa Kisukuma anaijua. Lakini wazee waliotusimulia hawakuishia kwenye shangwe. Katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja, na yule bibi anakasirika, anamtafutia ubaya mwokozi wake. Nikiwa mdogo nilikichukia kipande hicho, nilitaka hadithi iishe watu wanacheza. Sasa naona ndicho kinachoifanya hadithi iaminike. Hata ukiokoa watu wote, kuna sikio la mtu.

Msomaji wa Magu

Wakuu nimefuatilia kimya. Swali fupi: je, kinunuliwe au kisinunuliwe? Nina elfu kumi na moyo wangu unasita.

Binti Igoma

Nunua. Sura ya kwanza na ya pili peke yake zinalipa pesa yako. Ukifika ya 14 soma polepole, umalizie mwenyewe kichwani.

Nyakato Msomaji

Nunua, na kama una mtoto mpe aanze yeye.

Na niseme la mwisho la upande wangu. Yote mliyoandika hapa yamenifungua macho, hasa ya mwalimu. Lakini naomba tusimfikie kijana kwa kundi. Anauza kitabu mkono kwa mkono juani. Kama kuna anayemfahamu, ampelekee maoni ya Mwalimu Nansio na ya Mzee Karabai, kwa sababu hayo yana kitu cha kufanyia kazi. Mimi nitamwambia habari za mtoto na mlango wa jiwe.

Mwl. Nansio

Nimekubali, dada. Namba yake ipo nyuma ya kitabu. Nitamwandikia mimi kwa heshima, na nitamwalika aje darasani. Wale 60 wana deni naye, wanataka kujua Binti atafanyaje.

Karabai

Wakuu, nimesomewa yote.

Marehemu baba alikuwa hataki mtu ataje jina la aliyezama tukiwa majini. Nchi kavu ruksa, majini hapana. Ukilitaja alikuwa anakutazama tu mpaka unanyamaza. Hakutupa sababu nasi hatukuuliza. Mwalimu alipoandika habari ya yule binti anayepiga kelele bila jina, nilimkumbuka baba, na nimekaa na jambo hilo tangu jana.

Mzee Jabali, giza linaanza wiki ijayo, siku hizi nipo nyumbani. Hicho kitabu nakihitaji. Kiache kwa mama wa chai pale lango la mwaloni Kirumba, mwambie ni cha yule wa taa. Kijana ataanza kunisomea kutoka mwanzo, na tukifika kwenye meli nitamwambia asimame.